Kulifafanua Tangazo la Serikali Mpaka Muuza Mukene Alielewe: Mwongozo Kamili

Julai 2018, mama mmoja anayeuza mukene, yaani dagaa, katika soko la Busia, Uganda, alinionyesha fundo la noti alilolifunga kwenye pindo la leso yake. Ilikuwa pesa ya mtaji, na kwa miaka mingi alikuwa ameizoea kuiweka kwenye simu. Nikamuuliza kwa nini anatembea nayo hivyo. "Si ni wewe mwanangu uliyesema serikali inakata asilimia moja ya pesa ya simu? Nimeitoa yote isije ikaisha."

Ni kweli, ni mimi niliyesema. Jana yake nilisimama penye kipaza sauti cha soko nikalisoma tangazo la kodi mpya neno kwa neno, kwa Kiswahili fasaha, na sikuacha kitu. Lakini yeye alielewa kwamba pesa ikilala kwenye simu inapungua kila siku, kama mtungi unaovuja. Kodi ilikuwa inagusa pesa inapotembea, na kuitoa ni kutembea. Kwa hiyo alipokimbilia kwa wakala kuitoa yote, ndipo alipokatwa. Kwa mtaji wa mukene, hasara ile si ndogo.

Tangu hapo nimeacha kusoma matangazo, nikajifunza kuyafafanua. Ni kazi mbili tofauti. Tangazo limefafanuliwa pale msikilizaji anapojua kama linamhusu, afanye nini kesho asubuhi, na siku ya mwisho ni lini. Asipojua hayo, hata kama Kiswahili chako kimenyooka kama rula, bado hujafanya kazi.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayejikuta akiulizwa "karatasi hii inasemaje?": katibu wa soko, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), mtangazaji wa redio ya wilaya, mwalimu, imamu, mchungaji, kijana wa boda boda anayeendesha kundi la WhatsApp la steji, yaani kituo cha boda boda. Katiba ya Uganda ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni. Hata hivyo karatasi nyingi bado zinatoka ofisini kwa Kiingereza. Watu wanaozisubiri kwa Kiswahili wako Busia na Malaba, wako Arua, Bombo na Kasese, wako katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II na Kyangwali. Wote hao wanamtegemea mtu mmoja aliye karibu nao.

Kwanza, hakikisha karatasi ni ya kweli

Usifafanue kitu kabla ya kujua kimetoka wapi. Picha ya tangazo lenye nembo ya taifa, korongo na kobu pande mbili, haithibitishi chochote. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuibandika. Tazama kama kuna tarehe, namba ya kumbukumbu, jina na cheo cha aliyetia saini. Kisha tafuta tangazo hilohilo mahali pa pili: ubao wa wilaya, tovuti ya taasisi yenyewe, gazeti la siku hiyo. Likiwa ni sheria au kanuni, linapaswa kuwa limetokea kwenye Gazeti Rasmi la Serikali linalochapwa Entebbe.

Alama moja ya utapeli imeokoa watu wengi sokoni kwetu. Malipo ya kodi na ada nyingi za serikali kuu hulipwa kwa namba ya malipo iitwayo PRN, ambayo hutolewa kwenye mfumo wa mamlaka ya mapato, kisha unalipa benki au kwa simu. Karatasi ikikuambia utume pesa moja kwa moja kwenye namba ya simu ya afisa fulani, ikunje uiweke mfukoni na uende ofisini kuuliza. Usiitangaze hata kwa kusema "sina hakika nayo". Watu hukumbuka tangazo, wasikumbuke kwamba ulitia shaka.

Pili, jua ni karatasi ya aina gani

Hapa ndipo vurugu nyingi huanzia, hasa za kodi. Kila mwaka, miezi ya Machi na Aprili, miswada ya kodi hupelekwa bungeni. Bajeti husomwa Juni, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Sasa mtu akisikia Aprili kwamba "kodi ya kitu fulani imepanda", anapandisha bei siku hiyohiyo. Kumbe ule ni muswada tu: pendekezo ambalo wabunge wanaweza kulipunguza, kulibadilisha au kulitupa.

Kwa hiyo neno la kwanza kinywani mwako liseme hadhi ya karatasi. "Hili ni pendekezo, bado halijawa sheria." Au: "Hii ni sheria tayari, imeanza kufanya kazi." Kati ya hizo kuna kanuni, ambazo waziri huzitunga kuonyesha sheria itekelezwe vipi, kuna agizo la muda, kama karantini, na kuna taarifa kwa vyombo vya habari, ambayo mara nyingi inakumbusha jambo lililokuwepo zamani. Ya mwisho hii watu huidhani sheria mpya. Ukiona ni ukumbusho, sema ni ukumbusho, na utaje sheria ni ya mwaka gani.

Mfano wa pesa ya simu unafundisha hapa pia. Kodi ilianza tarehe 1 Julai 2018 ikiwa asilimia 1. Kelele zilikuwa kubwa, na kabla mwaka haujaisha Bunge likaipunguza mpaka asilimia 0.5, tena kwa pesa inayotolewa tu. Waliosikia tangazo la kwanza na wakakosa la pili waliendelea kuogopa kutumiana pesa bila sababu.

Tatu, soma mara tatu ukiwa na kalamu

Mara ya kwanza soma lote bila kuandika. Mara ya pili chora mstari chini ya kila kitenzi kinachobeba amri, ruhusa au katazo. Mara ya tatu, andika pembeni: nani, afanye nini, lini, wapi, na asipofanya itakuwaje.

Vitenzi ndivyo roho ya karatasi. Kiingereza cha serikali kikisema "shall", maana yake ni lazima. Usikilainishe kikawa "anaombwa" kwa sababu ya adabu. Mtu akiombwa ana haki ya kukataa, na huyu hana. Kikisema "may" kuhusu afisa, maana yake afisa ana uwezo wa kufanya jambo hilo na anaweza pia asilifanye: "mkaguzi anaweza kufunga duka" si sawa na "mkaguzi atafunga duka". Nimeona soko zima likifunga milango kwa sababu ya tofauti ya neno hilo moja.

Swali la "nani" nalo linahitaji utulivu. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka, Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, ikawa kimya, wakipinga mfumo wa risiti za kielektroniki wa EFRIS. Walikuwa na malalamiko yao, na si kazi yangu hapa kuyaamua. Ninachokumbuka ni wauza nyanya wa kwetu waliokuja wakiuliza kama na wao watatozwa faini kwa kukosa mashine. Mfumo ule, tangu ulipokuwa lazima Januari 2021, uliwahusu waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, ile ambayo sokoni tunaiita VAT tu. Kizingiti cha kulazimika kusajiliwa kilikuwa mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 150 kwa mwaka. Mama mwenye beseni mbili za nyanya hafiki huko. Dakika moja ya kusema wazi "hili halikuhusu" ingewapa watu usingizi wa wiki nzima.

Ndiyo maana kila ufafanuzi wangu sasa una sentensi ya wale wasiohusika. Hofu ya asiyehusika ni hasara kamili, kwani halipi kodi wala hafanyi biashara.

Nne, tarehe, saa, pesa na vipimo

Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mrefu kuliko zote, kwa sababu maneno yakikosewa watu huuliza, lakini namba ikikosewa watu huitii.

Anza na saa. Sisi tunahesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua, karatasi za Kiingereza zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Machi 2020, wakati wa korona, amri ya kutotoka nje ilianza tarehe 31, kuanzia saa 1 jioni mpaka saa 12 na nusu asubuhi. Kwenye karatasi ziliandikwa 7 na 6:30. Kijana mmoja wa boda boda aliona 7, akawaambia wenzake wa steji kwamba wana muda mpaka saa saba za usiku. Fikiria watu wangapi wangekamatwa kwa kosa hilo. Unapofafanua, taja saa pamoja na jua lilipo: "saa 1 jioni, giza linapoingia", "saa 11 jioni, ofisi zinapofungwa". Ukiandika, andika saa ya Kiswahili kwa maneno, usiiache tarakimu peke yake.

Tarehe nazo zina mitego. "Mpaka tarehe 30" mmoja anasikia tarehe 30 imo, mwingine anasikia haimo. Mimi nataja siku ya juma na nasema kinachofuata: "Siku ya mwisho ni Jumatano tarehe 30. Alhamisi umechelewa." Karatasi ikisema "ndani ya siku 14", tafuta zinahesabiwa kuanzia lini: siku ya kutiwa saini, siku ya kutangazwa, au siku mtu alipopokea barua yake? Na je, ni siku zote au siku za kazi tu? Siku 14 za kazi ni karibu wiki tatu. Hesabu wewe mwenyewe kwenye kalenda, kisha utoe tarehe. Usimwachie msikilizaji hesabu hiyo.

Asilimia zigeuze ziwe shilingi. Hakuna anayeishi katika asilimia 0.5. Sema: "Ukitoa shilingi 100,000 kwa wakala, kodi ni shilingi 500, juu ya ada ya kampuni ya simu. Ukitoa 20,000, kodi ni 100." Chagua kiasi ambacho watu wako hukitoa kweli. Mfano wa milioni kumi haumsaidii muuza mandazi.

Kisha kuna karensi pointi. Sheria za Uganda mara nyingi haziandiki faini kwa shilingi. Huandika "karensi pointi" kadhaa, na moja ni sawa na shilingi 20,000. Kwa hiyo "faini isiyozidi karensi pointi 48" ni faini isiyozidi shilingi 960,000. Nimesikia mtangazaji akiisoma "pointi 48" hewani bila maelezo, na wasikilizaji wakadhani ni kitu kama alama za mtihani. Fanya hesabu hiyo kila mara. Halafu liangalie neno "isiyozidi": huo ni upeo, dari ya nyumba. Hakimu anaweza kutoa faini ndogo zaidi. Usimwambie mtu "faini ni 960,000". Mwambie "inaweza kufika 960,000". Na palipoandikwa "faini au kifungo au vyote viwili", vitaje vyote, usichague unachokiona kinatisha zaidi.

Vipimo vya kitaalamu vinahitaji uaminifu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 inapiga marufuku kaveera (mifuko ya plastiki) za kubebea zilizo nyembamba kuliko mikroni 30. Mikroni 1,000 ndizo zinafanya milimita moja. Hakuna jicho wala kidole kinachoweza kupima 30. Kumwambia mwenye duka "usiuze chini ya mikroni 30" ni kumwacha palepale alipokuwa. Ufafanuzi unaomfaa ni huu: "Kabla ya kununua, tazama kwenye pakiti imeandikwa mikroni ngapi. Kama haikuandikwa, muulize anayekuuzia, na risiti yake uitunze." Hapo ana la kufanya.

Tano, andika upya ukianzia kwa mtu

Karatasi ya serikali huanza na mamlaka: sheria fulani, kifungu fulani, waziri fulani. Ni haki yake kuanza hivyo, kwa sababu bila mamlaka haina nguvu. Ufafanuzi wako uanze na mtu anayeguswa. Nitaonyesha kwa tangazo la karantini nililolitunga kwa mfano wa yale tunayoyapokea mara kwa mara. Kwanza, kama lingetafsiriwa neno kwa neno:

"Kwa mujibu wa mamlaka yaliyotolewa chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, inatangazwa kwamba kufuatia kuthibitishwa kwa ugonjwa wa miguu na midomo, usafirishaji wa wanyama wenye kwato zilizopasuka pamoja na mazao yao kuingia, kutoka na kupitia wilaya iliyotajwa umesitishwa, na masoko yote ya mifugo yamefungwa hadi itakapotangazwa vinginevyo. Kila mwenye mifugo ataripoti dalili zozote kwa mamlaka husika."

Hakuna neno gumu sana hapo, lakini mfugaji ataondoka akiuliza, "Kwa hiyo mbuzi wangu wa harusi ya Jumamosi?" Sasa hivi ndivyo ningelisema:

"Wafugaji, wachinjaji na wafanyabiashara wa mifugo wa wilaya yetu, habari hii ni yenu. Ugonjwa wa miguu na midomo umeingia kwa ng'ombe wetu. Kuanzia leo Jumatatu, ukiwa na ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe, ni marufuku kumtoa katika wilaya hii na ni marufuku kumwingiza kutoka nje. Hata lori linalopita tu kuelekea kwingine haliruhusiwi. Mnada wa mifugo umefungwa, na siku ya kuufungua haijatajwa. Tutakapoambiwa nasi tutawaambia. Ukiona mnyama anadondosha mate, anachechemea, au ana vidonda mdomoni na kwenye kwato, ni lazima uripoti: mwache hapohapo alipo, umwite daktari wa mifugo wa gombolola. Kuku na punda hawamo katika agizo hili."

Tazama kilichobadilika. "Wanyama wenye kwato zilizopasuka" wametajwa mmoja mmoja. "Kupitia" imepata lori. "Dalili zozote" zimepata mate na vidonda. "Mamlaka husika" amepata cheo na mahali: daktari wa gombolola, sehemu ya wilaya. Sheria haikutajwa mwanzoni, lakini nitaitaja mwishoni kwa atakayetaka kuitafuta. Marufuku imebaki marufuku na lazima imebaki lazima.

Jambo moja limebaki limening'inia: "mazao yao". Je, maziwa yamo? Nyama iliyochinjwa hapahapa je? Ngozi? Karatasi haikusema, na mimi siruhusiwi kukisia. Ningempigia daktari wa mifugo wa wilaya kabla ya kufungua kipaza sauti. Nikimkosa, ningesema wazi: "Kuhusu maziwa na nyama, bado tunamsubiri daktari atuambie, msisafirishe mpaka kesho tutakapowapa jibu." Ufafanuzi unaojaza mapengo kwa mawazo ya mfafanuzi ni hatari kuliko kimya.

Sita, maneno ya hapa, na sauti ya hapa

Kiswahili tunachokisoma vitabuni kimekulia Tanzania na Kenya, na msamiati wake wa ofisi ni wa huko. Ukisema "kata" au "halmashauri" Busia ya Uganda, watu watatazamana. Sisi tuna gombolola, na ndani yake muluka, tuna LC1 ya kijiji mpaka LC5 ya wilaya. Sema "laini" ya simu, sema "wakala", sema "kaveera", sema "mukene" hata kama kamusi inasema dagaa. Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, utakuta wasikilizaji waliotoka Kongo, wenye Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa, na wengine wa Burundi. Huko usitegemee sikio lako. Mtafute mtu wa kwao, mara nyingi mmoja wa viongozi wa kamati ya ustawi wa wakimbizi, mpitie naye sentensi kwa sentensi. Kwao karatasi moja ikieleweka vibaya inaweza kuwagharimu posho ya chakula au siku ya kuhakikiwa.

Kuna jambo zito zaidi ya msamiati. Mzee wa hapa aliyepitia miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 huenda alikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki: toa kitambulisho, kaa chini, fungua mzigo. Nimewaona wazee wakikunja uso kipaza sauti kikianza kwa ukali, kabla hata hawajasikia habari yenyewe. Heshima tunadaiwa. Nikianza nasema, "Wazee wetu, mama zetu, hajati zetu, shikamooni, tunawaomba dakika tano." Nikishafika kwenye agizo, natoa sababu kabla ya agizo lenyewe: ugonjwa umeingia, ndiyo maana mnada unafungwa. Ulaini ukae kwenye salamu na sababu. Agizo lenyewe liseme lilivyo.

Saba, adhabu pamoja na haki

Watangazaji wengi hutaja adhabu wakasahau haki, na hilo linaniuma. Karibu kila agizo lina mlango wa kulalamika, lakini mlango huo huandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo. Mtu akipata barua ya makadirio ya kodi, kwa mfano, sheria inampa siku 45 tangu alipopokea uamuzi kuweka pingamizi. Anayezijua siku hizo hukusanya risiti zake na kwenda. Asiyezijua hukaa nyumbani na hofu mpaka siku ya 46. Matangazo ya miradi mikubwa, viwanda au barabara, mara nyingi huwaita wananchi watoe maoni ndani ya siku fulani. Huo nao ni mwaliko wa kweli, utangaze kwa sauti ileile unayotangazia faini.

Na palipo na jambo lisiloeleweka kabisa, Katiba katika kifungu cha 41 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2005 ya haki hiyo inaitaka ofisi ijibu ombi lililoandikwa ndani ya siku 21. Barua fupi inatosha: unataka karatasi gani, jina lako, jibu likufikie wapi. Bakiza nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri huo, huna pa kuanzia kuhesabu.

Nane, mjaribishe mtu mmoja

Kabla ya kulipeleka tangazo kwa umati, lisome kwa mtu mmoja asiyehusika na ofisi. Usimuulize "umeelewa?". Kwa heshima yake kwako atasema ndiyo, hata kama hakushika kitu. Mimi humwendea hajati mmoja anayeuza vitambaa karibu na geti, namwambia: "Hajati, ukifika nyumbani jioni, mzee akakuuliza kipaza sauti kilisema nini, utamjibuje?" Anachokisema ndicho tangazo langu lilivyo kweli. Mara moja alinijibu, "Nitamwambia vitambulisho vimeisha." Nilikuwa nimesema muda wa vitambulisho umeisha, nikimaanisha vile vilivyoanza kutolewa 2014 kwa muhula wa miaka 10. Alielewa kwamba kadi zimekwisha ofisini, hakuna haja ya kwenda. Tukabadilisha: "Tazama nyuma na mbele ya kadi yako, tarehe ya mwisho ikiwa imepita, unatakiwa uende ukaibadilishe." Sentensi ikawa ndefu kidogo, na Hajati akaitoa kadi yake papo hapo akaitazama.

Kama huna wa kumjaribisha, jisomee kwa sauti. Ukikwama pumzi katikati ya sentensi, ikate.

Tisa, tangaza, kisha ufuatilie

Tangaza mara tatu kwa saa tofauti: asubuhi mapema wauzaji wanapopanga bidhaa, adhuhuri, na saa 10 jioni wanunuzi wanapojaa. Kila mara rudia mwishoni mambo mawili tu: nani, na siku ya mwisho. Bandika pia karatasi kubwa ubaoni, juu kabisa uandike tarehe uliyolibandika. Kwenye WhatsApp tuma maandishi mafupi pamoja na sauti yako, kwa sababu wengi wetu tunasikiliza vizuri kuliko tunavyosoma, na utume picha ya karatasi asilia ili anayejua Kiingereza akusahihishe ukikosea.

Halafu usiliache. Aprili 2017 ilitangazwa kwamba laini za simu zisizohakikiwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa zingezimwa baada ya siku 7. Muda ukasogezwa mpaka tarehe 19 Mei, kisha mpaka tarehe 30 Agosti. Ubaoni kwetu karatasi zote tatu zilikaa pamoja kwa majuma, kila mtu akisimama mbele ya ile iliyo usawa wa macho yake. Kijana mmoja mfupi alisoma ya chini, ile ya Aprili, akanunua laini mpya akidhani ya kwake imeshakufa. Akapoteza namba ambayo wateja wake wote walikuwa nayo.

Kwa hiyo ninapofika ubaoni na karatasi mpya, gundi naiweka chini kwanza. Naisoma ya zamani, naibandua, naandika juu ya mpya: "Hili linachukua nafasi ya lile la tarehe fulani." Kisha napita kwa wale niliowaona wakisoma la kwanza, kibanda kwa kibanda, nikianzia kwa mama wa mukene.